Hesabu ya Pesa Ndogo: Bunia na Fedha Zilizochanganyika

Katika soko kuu la Bunia hufanywa kila siku hesabu ambayo haimo katika vitabu vya shule. Kitenge kinauzwa faranga 20,000. Mnunuzi ana noti ya dola 5, ana noti ya Uganda ya shilingi 10,000 aliyorudi nayo kutoka Mahagi, mpakani, na ana faranga 500. Tuseme siku hiyo dola moja inavunjwa kwa faranga 2,500, na shilingi 1,000 kwa faranga 700. Dola 5 ni faranga 12,500. Shilingi 10,000 ni faranga 7,000. Ukiongeza ile 500, bei imetimia bila chenji kudaiwa. Mama anayeuza hahitaji kalamu. Ameshajua jumla kabla mteja hajamaliza kuzikunjua noti zake, na ameshajua pia kama ile dola ina mpasuko utakaomfanya kambisti, yule mvunja fedha wa Boulevard de Libération, aikatae jioni.

Hesabu hiyo ina historia ndefu. Ituri iko mahali ambapo njia za biashara za pwani ya Bahari ya Hindi zilikutana na zile za Mto Kongo, na kila utawala uliofika hapa ulikuja na fedha yake. Wananchi hawakupata nafasi ya kuchagua moja. Walilazimika kuzijua zote kwa pamoja na kuzilinganisha: hii ni ngapi ya ile, na zikichanganywa zinafika wapi. Katika historia hiyo yote naona jambo moja likijirudia. Fedha inapoharibika, kipande kidogo ndicho kinachokufa kwanza, na kipande kidogo kikifa, anayelipa hasara ni mwenye kidogo. Ndiyo maana naamini historia ya fedha ya Ituri inafaa kusimuliwa kuanzia chini, kwenye sentimu na sengi, kabla ya kufika kwenye noti kubwa.

Kugawa kabla ya sarafu

Mto Semuliki unatoka Ziwa Edward, unapita chini ya milima ya Ruwenzori, kisha unamwaga maji yake katika Ziwa Albert, ziwa ambalo watu wa Bunia hupata samaki wake kupitia Kasenyi. Pale mto unapoanzia, mahali paitwapo Ishango, mwaka 1950 mwanajiolojia wa Ubelgiji, Jean de Heinzelin, alifukua mfupa mdogo uliochanjwa alama kwa makini. Umri wake unakadiriwa kuwa kiasi cha miaka 20,000, na leo umehifadhiwa Brussels. Alama zake zimepangwa katika safu tatu. Safu moja ina mafungu ya 11, 13, 17 na 19, ambayo jumla yake ni 60. Nyingine ina 11, 21, 19 na 9, na jumla yake tena ni 60. Katika safu ya tatu, 3 inafuatwa na 6, 4 inafuatwa na 8, na 10 inafuatwa na 5. Wataalamu wanabishana kuhusu maana yake: wengine wanaona kalenda ya mwezi, wengine wanaona mchezo wa namba. Lakini mpangilio wa kuongeza mara mbili na kugawa nusu unaonekana wazi kwa yeyote anayezihesabu alama hizo.

Kugawa nusu kuna mizizi katika lugha za Ituri pia. Wangiti, wanaoishi katika eneo la Irumu kusini mwa Bunia, wana mfumo wa kuhesabu ambao umeandikwa vizuri na mwanaisimu Constance Kutsch Lojenga katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1994. Hesabu yao ya jadi inakwenda kwa mafungu ya nne: 4, 8, 12, 16, 20, 24, 28, kila kituo na jina lake, hadi kufika 32, ambayo inashika nafasi ambayo kwetu inashikwa na kumi. Kindaka, cha upande wa Mambasa, nacho kimejengwa juu ya 32. Mtoto aliyefundishwa kwamba kumi ndiyo msingi wa hesabu zote anaweza kushangaa, lakini ajaribu mwenyewe. Ukigawa kumi kwa nusu unapata 5, na hapo umekwama. Ukigawa 32 unapata 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1, bila mabaki. Kwa watu wanaogawana nyama, nafaka au kazi, huo ni mfumo wenye akili nyingi. Kila fungu linaweza kugawanywa tena, na hakuna anayeambiwa kwamba sehemu yake imepotea kwa sababu haigawanyiki.

Chuma, shanga na nyaya

Kabla ya sarafu kufika, thamani ilipita mikononi kwa sura nyingi. Katika bonde la Uele, kaskazini mwa Ituri, chuma kilichofuliwa kilikuwa mali inayohesabiwa, na kwa Wazande mikuki ndiyo iliyotolewa mahari. Katika msitu, Wambuti walipeleka nyama na asali kwa majirani zao wakulima na kurudi na ndizi na vyuma. Upande wa Uganda, kauri kutoka Bahari ya Hindi zilitungwa kwenye kamba, mia kwa kila kamba, na soko zima likahesabiwa kwa kamba hizo. Magharibi, kwenye Mto Kongo, vipande vya waya wa shaba nyeupe vilivyoitwa mitako vilipita kutoka kituo hadi kituo.

Miaka ya 1880 wafanyabiashara wa Kiswahili na Wamanyema wao walikuwa wameshaingia msitu wa Ituri wakitafuta pembe, na lugha tunayoandika hapa ilifika nao. Mwaka 1887 mpelelezi Henry Morton Stanley alipita katika msitu huohuo akielekea Ziwa Albert kumtafuta gavana Emin Pasha. Kwa safari hiyo alikuwa amenunua Zanzibar zaidi ya yadi 27,000 za vitambaa, pauni 3,600 za shanga na tani moja ya nyaya. Hata hivyo watu wake walipofika Ipoto, kituo cha Wamanyema wa Kilonga-Longa, njaa iliwafanya watoe nguo zao, risasi na hata bunduki kwa ajili ya mahindi. Yeyote anayedhani kwamba fedha ina thamani ndani yake yenyewe aikumbuke Ipoto. Thamani ilikuwa kwa aliyekuwa na chakula, naye ndiye aliyepanga kipi kinapokelewa na kwa kiasi gani.

Mitako ilifundisha somo la pili. Kadiri miaka ilivyokwenda vipande vile vilizidi kukatwa vifupi, kwa sababu kila aliyepokea kipande alipata faida kwa kupunguza ncha kidogo kabla ya kukipitisha. Idadi ilibaki ileile na shaba ikapungua. Watu waliolipwa kwa idadi, hasa vibarua na askari wa vituo vya serikali, walipokea vipande vingi vyenye uzito mdogo. Miaka mia moja baadaye, hilohilo lingetendwa na mashine ya kuchapa noti.

Rupia kutoka mashariki, faranga kutoka magharibi

Mwishoni mwa karne ya 19 fedha mbili zilianza kukaribiana juu ya Ziwa Albert. Kutoka mashariki ilikuja rupia ya India, iliyoenea pwani yote na kupanda bara pamoja na askari, wachuuzi na wajenzi wa reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Rupia moja ilikuwa na anna 16, na kila anna ilikuwa na pesa 4, kwa hiyo rupia ilikuwa pesa 64. Tazama namba hiyo: 64 ni mara mbili ya 32. Inagawanyika nusu mara sita hadi kufika pesa moja. Sidai kwamba mfumo mmoja ulizaliwa na mwingine, maana kila mmoja ulitoka mahali pake, mbali na mwenzake. Ninachosema ni kwamba yote miwili iliwafaa watu wanaogawana vitu kwa nusu na robo. Wajerumani walipoibadilisha rupia ya koloni lao mwaka 1904 iwe na heler 100, walirahisisha daftari za ofisi. Lakini 100 ukiigawa unapata 50, kisha 25, kisha umekwama.

Kutoka magharibi ilikuja faranga. Julai 1887 serikali ya Mfalme Leopold wa Pili iliitangaza kuwa fedha ya Dola Huru ya Kongo. Sarafu zake ndogo, za sentimu 1, 2, 5 na 10, zilikuwa za shaba na zilitobolewa tundu katikati, kwa hiyo ziliweza kutungwa kwenye uzi kama kauri. Juu yake zilikuwapo za fedha za sentimu 50 na za faranga 1, 2 na 5. Kwenye meza ya Brussels ulikuwa mpangilio mzuri. Msituni watu wengi hawakuiona sarafu hiyo kwa sababu walidaiwa kodi ya mpira na ya kazi ya lazima, na mateso yake yanajulikana. Fedha taslimu ilianza kushuka vijijini hasa baada ya Ubelgiji kuichukua Kongo mwaka 1908 na kutoa sheria ya Mei 1910 iliyoleta kodi ya kichwa ya kulipwa kwa fedha. Wengi wa babu zetu walikutana na sarafu kwa mara ya kwanza katika mkono wa mtoza kodi. Walitakiwa kuitafuta kabla hawajapata nafasi ya kuitumia.

Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, pauni moja ya Uingereza ilikuwa rupia 15, na pia ilikuwa faranga 25 na sentimu 22. Kutokana na hapo rupia moja ni faranga 1.68. Namba hiyo ni mbaya sokoni, lakini ukizidisha kwa tatu unapata faranga 5 na sentimu 4. Rupia tatu ni kama faranga tano: hivyo ndivyo hesabu ya mpakani inavyofanywa. Mtu hatafuti thamani ya kipande kimoja, anatafuta mafungu mawili yanayokaribia kulingana, kisha anajua ni nani atakayebaki na zile sentimu nne.

Baada ya vita rupia iliondoka Uganda na Kenya, ikaja florini kwa muda mfupi, kisha shilingi ya Afrika Mashariki mwanzoni mwa 1922. Faranga kwa upande wake ilianguka pamoja na uchumi wa Ubelgiji. Oktoba 1926 ilipotulizwa, pauni moja ilikuwa faranga 175. Shilingi, iliyokuwa sehemu ya 20 ya pauni, ikawa faranga 8.75, wakati mwaka 1914 shilingi ya Uingereza ilikuwa faranga 1.26 tu. Mvuvi wa ziwani aliyeuza samaki wake ng'ambo kwa shilingi na kibarua aliyelipwa kwa faranga walikuwa wakitazama mitaji yao ikiachana. Fungu la kulinganisha likawa jipya: shilingi 4 kwa faranga 35, bila mabaki hata sentimu moja.

Dhahabu na uzito uliobaki

Bunia yenyewe ni mtoto wa dhahabu. Madini hayo yaligunduliwa katika Ituri mwaka 1903, na uchimbaji wa Kilo ukaanza miaka miwili baadaye. Mwaka 1926 iliundwa kampuni ya migodi ya Kilo-Moto. Vifaa vyake na bidhaa nyingi viliingia kwa njia ya mashariki: Mombasa, reli, Butiaba upande wa Uganda, meli juu ya Ziwa Albert, Kasenyi, kisha barabara ya kupanda hadi Bunia. Wafanyabiashara Wagiriki na Wahindi walifungua maduka, na mji mdogo ukaupita Irumu uliokuwa makao ya utawala.

Ndani ya biashara ya dhahabu kuna masalio ya rupia ambayo wengi hawayatambui. Rupia ya India ilikuwa na uzito wa tola moja kamili, yaani gramu 11.66. Sarafu yenyewe ilitoweka katika masoko yetu miaka ya 1920, lakini ukienda leo kwa wanunuzi wa dhahabu utasikia bado wakitaja tola, kama wanavyoitaja wenzao wa Kampala na Dubai. Katika machimbo madogo ya Mongbwalu na kwingineko, mizani ya mkono imekuwa ikitumia njiti za kiberiti na sarafu za zamani kama mawe ya kupimia. Sarafu ambayo haiwezi tena kununua hata kiberiti inaamua mchimbaji atapata kiasi gani. Mchimbaji asiyejua uzito wa kipande kilichowekwa upande wa pili wa mizani anauza bila kujua anachouza. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na dhahabu ya Ituri imepotea hivyo kwa vizazi.

Vita Kuu ya Pili viliukaza uhusiano na mashariki. Ubelgiji ilipovamiwa mwaka 1940, faranga ya Kongo ilifungwa kwenye pauni kwa 176.625. Mwaka 1943 ilitengenezwa Philadelphia, Marekani, sarafu ya Kongo ya faranga 2 yenye pembe sita, ambayo mtu aliweza kuitambua kwa vidole hata gizani. Miaka ya 1950 zikaja za alumini, nyepesi kabisa. Kizazi kilichoingia katika uhuru wa Juni 1960 kilikuwa kimelelewa na sarafu: kilijua sura zake, uzito wake na sauti yake juu ya meza.

Makuta, sengi na sifuri zilizofutwa

Juni 1967 serikali ya Mobutu ilileta fedha mpya. Zaire 1 ilichukua nafasi ya faranga 1,000 na ilikuwa sawa na dola 2 za Marekani. Iligawanywa makuta 100, na kila likuta sengi 100. Sarafu za kwanza zilikuwa tatu: sengi 10, likuta 1 na makuta 5. Mpangilio wake ulikuwa mwepesi kwa kichwa: sengi 10 ni faranga 1 ya zamani, likuta ni faranga 10, makuta 5 ni faranga 50. Kwa miaka michache mtu aliweza kuingia sokoni Bunia na sarafu peke yake na kutoka na chakula cha jioni.

Kisha mambo yakaharibika. Novemba 1973 mali za wageni zilitaifishwa na kugawiwa wenye nguvu, na maduka yakakauka. Bei ya shaba duniani ikaanguka. Kahawa na dhahabu za Ituri zikavuka mpaka kwa magendo kwenda Uganda, ambako nako chini ya Idi Amin shilingi ilikuwa inaporomoka, kwa hiyo mfanyabiashara alipaswa kujua ni ipi kati ya fedha mbili zinazoanguka ilikuwa inaanguka polepole. Desemba 25, 1979, siku ya Noeli, ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 zimefutwa na zibadilishwe kwa muda mfupi. Mwenye benki karibu na mwenye rafiki ndani ya benki walipona. Mkulima wa kahawa na mchimbaji walioficha noti zao nyumbani, siku kadhaa za mwendo kutoka mjini, walibaki na karatasi.

Tangu hapo sifuri zilifutwa mfululizo pande zote mbili za mpaka. Mei 1987 Uganda iliifanya shilingi mpya moja kuwa sawa na 100 za zamani. Kwetu, mwishoni mwa 1992, ilichapwa noti ya zaire milioni 5. Wafanyabiashara waliikataa, na mwanzoni mwa 1993 askari waliolipwa kwa noti hiyo waliasi na kupora Kinshasa. Oktoba mwaka huohuo ilikuja zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani, na Kasai yote ikakataa kuipokea. Juni 30, 1998 ikarudi faranga, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukizidisha hatua zote hizo, faranga 1 ya mwaka 1998 ni sawa na faranga trilioni 300 za kabla ya Juni 1967. Hakuna akiba ya mjane, karo ya mtoto wala mahari iliyowekwa kwa noti ambayo ingeweza kuvuka kipindi hicho. Ng'ombe walivuka. Dhahabu ilivuka. Sengi ilikufa mapema kuliko zote, kisha likuta, kisha zaire yenyewe. Sarafu zikawa vyuma vya kuchezea watoto, ingawa Bunia hadi leo tunaziita fedha zote makuta.

Faranga bila sarafu

Faranga ya 1998 ilianza na ahadi nzuri. Ilikuwa na noti za sentimu 1, 5, 10, 20 na 50, na ile ya sentimu 50 ilichorwa okapi, mnyama wa msitu wetu. Siku thelathini na tatu baadaye, Agosti 2, vita vipya vilianza, na mwezi huohuo Bunia ikawa mikononi mwa waasi na jeshi la Uganda. Kilichofuata tunakijua. Vita vya Ituri viliua makumi ya maelfu ya watu, mji ulibadilisha watawala mara kwa mara, na mwaka 2003 jeshi la Umoja wa Ulaya lililetwa kuulinda kwa miezi mitatu kabla ya kikosi cha Umoja wa Mataifa kuongezwa nguvu. Shilingi iliingia na wafanyabiashara na wanajeshi kutoka mashariki. Dola, iliyokwisha kuwa kimbilio tangu bei zilipopanda kwa maelfu ya asilimia mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliimarika zaidi kwa mishahara ya mashirika ya kimataifa. Sentimu zilitoweka bila mtu kuzitangaza.

Jambo moja halikurudi tena: sarafu. Faranga ya leo haina sarafu ya matumizi ya kila siku. Sarafu pekee zinazopita mkononi mwa mtu wa Ituri ni za Uganda, kama za shilingi 50, 100, 200 na 500, hasa Mahagi, Aru na Ariwara, ambako shilingi ndiyo fedha ya soko. Kwetu kipande kidogo ni karatasi, na karatasi ya faranga 50 au 100 hupita mikono mingi, hulowa jasho na samaki, huchanika, kisha hukataliwa. Dola nayo ina adabu yake. Ya dola 1 haipendwi, iliyopasuka kidogo inarudishwa, na ya zamani inapunguzwa thamani. Noti inaweza kuwa halali katika nchi iliyoitoa na ikakosa thamani kwenye meza ya kambisti wa mjini kwetu.

Njia 49

Hapa hesabu inaweza kutuonyesha ambacho macho hayakioni. Chukua deni la faranga 1,000 na noti za 50, 100, 200 na 500. Ukihesabu kila mchanganyiko unaoweza kulilipa deni hilo, bila kujali ni noti ipi inatangulia, utapata njia 49. Sasa ondoa noti ya 50. Njia zinabaki 10. Ondoa na ya 100. Zinabaki mbili: noti tano za 200, au mbili za 500. Ondoa ya 200. Imebaki moja. Deni halikubadilika hata kidogo, lakini uwezo wa kulilipa kamili ulishuka kutoka 49 hadi 1.

Kuna zaidi. Mwenye noti za 200 na 500 pekee hawezi kulipa 100 wala 300 kwa njia yoyote. Kuanzia 400 kwenda juu anaweza kulipa kila mia, lakini si kwa kukurupuka. Anayedaiwa 600 akianza na noti kubwa, akaweka 500, amekwama na 100. Anapaswa kurudi nyuma na kuweka tatu za 200. Akina mama wa soko la Bunia wanaijua kanuni hiyo bila kuisoma popote, na katika vyuo vya hisabati duniani ni somo linaloheshimiwa.

Sasa tazama anayelipa gharama yake. Fungu la mboga ni faranga 250, noti ya 50 haipo, kwa hiyo bei inapandishwa hadi 300, au chenji inalipwa kwa peremende ambayo mteja hakuiomba. Hamsini juu ya 250 ni asilimia 20. Kwa anayenunua mzigo wa faranga 25,000, hamsini hiyohiyo ni asilimia 0.2. Hasara ya kipande kimoja kilichokosekana ni nzito mara mia kwa mnunuzi wa mboga kuliko kwa mnunuzi wa mzigo. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukimaliza. Hiyo ni kodi ambayo hakuna bunge lililoipitisha, na inatozwa kila asubuhi kwa wale wanaonunua kidogo kwa sababu hawana cha kununulia kingi.

Simu imesaidia kwa sehemu. Tangu 2012, huduma kama M-Pesa zimewapa watu mfuko wa faranga na mfuko wa dola katika simu moja, na ndani ya simu faranga 250 ni 250, haina haja ya kukunjwa wala kuchanika. Lakini kutuma kuna ada, kutoa kuna ada, na kwa kiasi kidogo ada ndiyo inayouma zaidi. Anayeuza ndizi kando ya barabara ya Mudzipela bado anahitaji kitu cha kushika mkononi.

Kwa hiyo natamani mambo matatu, na nayatamani kwa dhati. La kwanza, Benki Kuu ichukulie noti ndogo kuwa wajibu wake wa kwanza: izichape upya, iondoe zilizochakaa bila kumtoza aliyezileta, na ifikirie tena sarafu ya chuma ambayo mvua za Ituri haziwezi kuiozesha. La pili, shule zetu zifundishe hesabu kwa fedha za hapa. Mtoto wa Bunia anayeona nyumbani dola, faranga na shilingi ana darasa la uwiano, sehemu na michanganyiko mezani kwake kila jioni. Aulizwe ni njia ngapi za kulipa 1,000, na aonyeshwe kwamba Wangiti walijenga hesabu kamili juu ya 32. Atajua kwamba hesabu haikuletwa kwao ndani ya sanduku. La tatu, wenye mizani na wenye meza za kuvunja fedha waandike wazi viwango na uzito wao, ili mchimbaji na mchuuzi waweze kukagua kabla ya kukubali.

Watawala wa Ituri wamehukumiwa kwa mambo mengi, na yapo makubwa kuliko fedha. Lakini ukitaka kujua kama fedha ya nchi ni ya haki, usiitazame noti yake kubwa wala kiwango chake cha dola. Tazama kama mtu mwenye kidogo kabisa anaweza kununua kidogo alichokitaka, akalipa kamili, na akarudishiwa kilicho chake. Kwa kipimo hicho, fedha nyingi zilizopita Bunia zimeshindwa, na tuliyo nayo leo bado ina deni kwa wananchi wake.